Walinzi wa Damu ya Ambwene

Karatasi ya tatu ilipotoka kwenye mashine, Daktari Subilaga Mwakibete aliisoma akitembea. Tangu asubuhi alikuwa hawezi kukaa. Alitoka nayo mlangoni hadi dirishani, akageuka, akairudia chini ya taa, kana kwamba namba zingebadilika kwa kuhamishwa mahali.

Hazikubadilika. Ile protini ya misuli ya moyo, ambayo kwa mtu mzima wa afya haitakiwi kuonekana kwenye damu, ilikuwa imeongezeka mara mbili tangu saa moja. Moyo wa Ambwene ulikuwa unavuja.

"Kirusi kimetoka kwenye kongosho," alisema. "Kimefika moyoni."

Lugano Kabuje, muuguzi aliyefanya naye kazi miaka kumi na sita, alikuwa anapanga chupa za damu ndani ya kisanduku cha baridi. Hakuinua kichwa. "Basi azimwe, Daktari. Tunangoja nini?"

Azimwe. Pale kituoni Tukuyu, watu walilitamka neno hilo kama wanavyosema mtu avue shati apimwe. Waraka kutoka Mbeya ulikuwa na siku ya nne ukutani: kila mwenye walinzi atakayepata homa, na protini ya moyo ikaonekana kwenye damu yake, azimwe ndani ya saa moja. Haukuandikwa kwa kubahatisha. Mwalimu mmoja wa Vwawa na mkulima mmoja wa mpunga kule Kyela walikuwa wamefariki wiki iliyotangulia, wote wawili madaktari wao wakisubiri kipimo kingine cha uhakika.

Subilaga aliikunja karatasi mara nne akaitia mfukoni. "Naenda kuongea naye kwanza."

"Kuongea naye, au kumwambia?"

Alikuwa ameshatoka.

*

Ambwene Mwasomola alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni, midomo imekauka kwa homa. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, fundi wa droni, zile zinazoshusha majani mabichi ya chai kutoka mashamba ya mlimani hadi kiwandani. Hata sasa mikono yake ilikuwa kazini: ukucha wa kidole gumba ulikuwa unalegeza na kukaza skrubu ya meza ya kitandani.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Vua viatu, ulale."

"Nikilala mtanizima."

"Hatumzimi mtu kwa siri, Ambwene."

"Nyie mna kitufe. Siri ya nini tena?"

Kitufe kilikuwa kwenye kishikwambi alichokibeba kwapani. Kwenye bega la kushoto la Ambwene, chini ya ngozi, kulikuwa na kifuko cha ukubwa wa punje ya maharage. Ndani yake mlikuwa na dawa moja tu, na dawa hiyo ilijua kufanya kazi moja: kuwaua walinzi wote mwilini na kuacha kila kitu kingine salama. Subilaga ndiye aliyekipandikiza, Ambwene akiwa na miaka kumi na mitano, siku ileile alipompa walinzi. Alikuwa mtu wa tatu nchini kuwapata.

Kabla ya hapo alikuwa mtoto wa sindano. Kongosho lake lilikuwa na visiwa vya seli zinazotengeneza insulini, kama la mtu yeyote, lakini seli T zake za kuua, aina ya chembe nyeupe za damu ambazo kwa wengine hupita hapo bila kusimama, zilikiona kipande cha insulini zikakidhania adui. Ziliingia kisiwa baada ya kisiwa na kuua, mpaka mtoto akawa anakojoa usiku kucha na kukonda mchana. Subilaga alichukua kundi jingine la seli T za mtoto huyohuyo, zile ambazo kazi yao ni kutuliza wenzao. Akazifundisha maabara kutambua anwani ya kongosho, akazizidisha, akazirudisha mwilini pamoja na seli mpya za insulini. Hizo ndizo walinzi: zilifika zikatulia kwenye visiwa. Kila muuaji aliyesogea aliambiwa, kwa lugha ya kemikali, kwamba hapa hakuna vita, rudi. Akarudi.

"Hutadungwa tena maisha yako yote," Subilaga alimwambia mtoto yule. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane wakati huo, na aliamini alichokisema.

Homa ya mwaka huu ndiyo iliyokuja kumsuta. Kirusi chenyewe kilikuwa cha kawaida. Wanafunzi walikipata, wakaharisha siku tatu, wakarudi uwanjani. Ila kilipenda kujificha kwenye kongosho. Kwa watu wengine, seli za kuua zilikifuata humo na kukimaliza. Kwa mtu mwenye walinzi, zilifika mlangoni zikaambiwa rudi, zikarudi, na kirusi kikazaana humo ndani kwa raha zake. Kiliposhiba kilitoka, na mahali pa pili kilipopapenda palikuwa moyo.

"Sikiliza," Subilaga alisema. Alijaribu kukaa kwenye kiti, akainuka. "Nikikuzima sasa hivi, kufika jioni walinzi watakuwa wamekufa. Seli zako za kuua zitaingia kongoshoni zikimalize kirusi. Utaumwa sana siku mbili, halafu utapona."

"Halafu zikimaliza kirusi zitamaliza na visiwa."

"Ndiyo."

"Halafu sindano."

"Ndiyo, Ambwene. Sindano. Lakini utakuwa hai."

Skrubu ilitoka mezani ikaanguka. Aliiacha. "Sindano naijua. Sikatai sindano. Dada yangu ndiye anatakiwa kupewa mwezi huu."

Subilaga alikuwa analijua hilo tangu asubuhi, na ndilo lililomnyima kukaa.

Tusekile, mdogo wake Ambwene, alikuwa na ugonjwa uleule. Seli zake za kutuliza ziligoma kabisa kuzaana maabara, lakini mwili wake ulilingana na wa kaka yake kwa kila kipimo, kwa hiyo aliishi kwa walinzi wa kaka yake. Walidumu mwilini mwake mwaka mmoja hivi, kisha walififia. Kila mwaka Ambwene alilala kwenye mashine ya kuchuja damu, mizunguko kumi na miwili, saa nne nzima, na dada yake akapewa wakiwa bado na joto. Mwaka wa pili walijaribu kuwagandisha ili wawe na akiba. Walinzi wale walipoyeyushwa waliamka wamesahau kazi, na baadhi yao wakageuka kuwa wauaji. Tusekile alikaa siku tisa chumba cha mahututi. Tangu hapo hakuna aliyetaja tena barafu mbele yake.

Sasa alikuwa na mimba ya miezi saba.

"Waliobaki mwilini mwake watafika wapi?" Ambwene aliuliza. "Wiki mbili? Tatu? Na insulini iko wapi, Daktari? Mimi na yeye, nani atapewa?"

Hilo nalo lilikuwa zao la kazi ya Subilaga. Walinzi walipoenea, viwanda vya insulini viligeukia mambo mengine, kimoja baada ya kingine. Kilichosalia kililisha nusu ya bara. Wilaya ilipata mgao, na kwenye jokofu la kituo palikuwa na dawa ya kumtosha mtu mmoja, bila ziada, hadi mgao mwingine.

"Nitoe kwanza," Ambwene alisema. "Mizunguko yote kumi na miwili. Halafu unizime, sitasema neno."

"Ile mashine inazungusha damu saa nne. Moyo wako hivi sasa hauwezi hata ngazi za pale nje."

"Mara saba nimelala pale. Naijua."

"Ulikuwa mzima mara zote saba."

"Daktari." Alimwangalia kwa macho yaliyong'aa kwa homa. "Sikuombi ruhusa ya kufa. Nakuomba saa nne."

"Tusekile anajua?"

"Hajui. Na usimwambie."

*

Profesa Mwansasu, aliyetoa ule waraka wa Mbeya, alipokea simu kwenye mlio wa kwanza. Subilaga aliongea akizunguka kwenye korido nyembamba, mvua ikigonga bati juu ya kichwa chake.

"Ameshazimwa?" Profesa aliuliza.

"Anakataa. Anataka kutoa kwanza, kwa ajili ya dada yake."

"Hawezi kutoa na moyo ule."

"Nimemwambia. Ana akili timamu, Profesa, na amekataa. Fomu ya ridhaa inasema tunazima bila ridhaa kama mgonjwa hana fahamu, au moyo umeanza kushindwa. Vinginevyo anaulizwa."

"Fomu uliandika wewe, Subilaga, kabla hatujajua kirusi hiki. Watu wawili wameshakufa kwa kusubiri." Hakuwa mtu mbaya. Mezani kwake alikuwa na orodha ya watu wengine mia nne wa kanda hiyo, wote wenye walinzi. "Kitufe unacho. Akifa kwenye mashine yako, sitakuwa na neno la kukusemea."

"Najua."

"Basi fanya unalojua."

Alikata simu. Alipogeuka alimkuta Tusekile amesimama mlangoni mwa chumba cha kupumzikia, mkono mmoja kiunoni, mwingine juu ya tumbo. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mwanamke wa sauti ndogo, na alikuwa amesikia ya kutosha kujumlisha mengine.

"Kutoa nini, Daktari?"

Subilaga alifikiria alichoombwa na Ambwene. Alikifikiria kwa muda wa pumzi mbili, si zaidi. Walinzi wale walikuwa wanaingia kwenye mwili wa mwanamke huyu. Kumficha ilikuwa ni kumfanya chombo. Akamweleza yote: kirusi, moyo, mizunguko kumi na miwili, dawa iliyobaki kwenye jokofu.

Tusekile alisikiliza hadi mwisho. Kisha akampita, akafungua mlango wa kaka yake.

"Nani kakwambia mimi nautaka moyo wako?"

Ambwene alifumba macho. "Daktari, nilikuomba jambo moja."

"Usimlaumu Daktari. Niangalie mimi. Nani kakwambia?"

"Miaka saba nimekupa, hujawahi kukataa."

"Hukuwa unakufa!"

"Na wewe hukuwa na mtu tumboni." Aliketi wima, ikamgharimu, jasho lilimtoka kwenye mdomo wa juu. "Tuse, ulikuwa mdogo. Mimi nakumbuka mama alivyokuwa anagawa chupa moja kwa watoto wawili. Anapima, anarudia kupima. Nikamwambia Mungu, hili lisirudi nyumbani kwetu. Sasa linarudi. Sawa, lirudi kwangu. Lakini lisirudi kwetu sote wawili kwa mkupuo, na wewe ukiwa hivyo."

Tusekile alikuwa analia bila kelele, kama mtu anayetokwa na machozi kwa moshi. Alivuta kiti. Akaketi taratibu, akajipangusa kwa ncha ya khanga.

"Nitakaa hapa," alisema hatimaye. "Hapa karibu na bomba. Nikiona hali yako haieleweki, nang'oa mwenyewe. Sitamngoja Daktari wala Profesa wala nani."

Wote wawili walimtazama Subilaga. Alikuwa amesimama katikati ya chumba na kishikwambi kifuani, na alielewa kwamba ndugu hawa walishamaliza kukubaliana, na sasa walikuwa wanamngoja yeye.

"Kuna masharti," alisema. "Moyo ukienda mrama kwenye kioo cha kupimia mapigo kwa sekunde thelathini mfululizo, nabonyeza. Siulizi. Lakini kabla ya hapo, nikiona mashaka yoyote, nasimamisha mashine nakuuliza, na jibu ni lako."

"Unaahidi?"

"Naahidi."

"Hata nikiwa nimelala?"

"Nitakuamsha."

*

Walianza saa tano na nusu.

Mashine ilivuta damu kutoka mkono wa kulia, ikaizungusha mpaka seli zikajitenga kwa uzito, ikachota utepe mwembamba wa seli nyeupe, ikachagua humo walinzi kwa alama waliyovalishwa maabara, na iliyobaki ikairudisha mkono wa kushoto. Kila mzunguko ulichukua dakika ishirini. Mfuko mdogo uliotundikwa juu ulianza kuingia maji meupe kama ya mchele uliooshwa.

Lugano alifanya kila alichoambiwa bila kuzungumza. Mzunguko wa pili ulipokwisha alimsogelea Subilaga, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi ningembonyeza asubuhi. Nataka ujue hivyo."

"Najua, Lugano."

"Ila niko hapa."

Mzunguko wa tatu, wa nne. Ambwene alimsimulia dada yake habari za droni iliyokuwa inatua kila siku juu ya paa la mchungaji badala ya kiwandani, mpaka mchungaji akaanza kukausha chai yake mwenyewe. Tusekile alicheka, kisha akakumbuka walipo, akaacha. Subilaga alitembea kutoka kitandani hadi dirishani, kutoka dirishani hadi kitandani. Aliangalia kioo, mfuko, rangi ya kucha za mgonjwa. Mistari ya moyo ilikwenda haraka, lakini ilikwenda sawa.

Mzunguko wa tano, pigo moja la moyo liliruka. Halafu mengine mawili yakafuatana. Kisha shwari.

"Ni nini hiyo?" Tusekile aliuliza.

"Mapigo ya ziada. Yanatokea."

Mzunguko wa sita Ambwene alilala. Homa ilikuwa imemchosha, na usingizi wake ulikuwa mzito, kinywa wazi kidogo. Tusekile alishika mkono wake nusu saa, kisha mimba ikambana, akainuka kwenda msalani. "Dakika moja," alisema.

Lugano alikuwa ameinamia kisanduku cha baridi, mgongo kwao.

Mzunguko wa saba ulikuwa umebakiza dakika mbili. Kwenye kioo mapigo yaliruka tena: moja, mawili, halafu msururu mpana, mbaya, wa aina ambayo Subilaga aliwahi kuiona kwenye karatasi za mkulima wa Kyela. Alihesabu sekunde. Sita. Saba. Nane. Kidole chake kilikuwa tayari kwenye kishikwambi. Kumi. Kumi na moja. Msururu ukakatika, mistari ikarudi sawa.

Hapo ndipo alipotakiwa kusimamisha mashine. Hapo ndipo alipotakiwa kumgusa bega na kusema, Ambwene, amka, nimeona mashaka, sema tufanyeje. Aliinama. Aliuona uso wake kwa karibu, ndevu chache kidevuni, kovu dogo la utotoni juu ya nyusi. Alijua atakachosema akiamka. Atasema, bado mitano.

Akabonyeza.

Hapakuwa na sauti. Chini ya ngozi ya bega kifuko kilifunguka, na kwenye kioo cha kishikwambi likatokea neno moja la kijani: IMETEKELEZWA. Subilaga akazima na mashine ya damu. Ambwene aliendelea kulala.

Lugano aligeuka. Aliona mashine imezimwa, akaona kishikwambi. "Moyo umeyumba?"

"Umeyumba," Subilaga alisema.

"Nusu dakika?"

"Funga mfuko, Lugano. Uwahi wakiwa na joto."

Tusekile aliporudi alikuta mabomba yameshatolewa. Alisimama mlangoni, akatazama kifua cha kaka yake kikipanda na kushuka. Alishukuru. Alimshika Subilaga mikono yote miwili, akasema "Ndaga, Daktari, ndaga," asante ya Kinyakyusa aliyoirudia mpaka ikawa kama kilio, na Subilaga akapokea shukrani hiyo akiwa amesimama, kwa kuwa hakujua aiweke wapi.

*

Ambwene alipona. Siku ya pili seli zake za kuua ziliingia kwenye kongosho kama mafuriko. Aliweweseka, alitapika, alimwita mama yake aliyekwisha kufa. Siku ya nne protini ya moyo ilikuwa imeshuka nusu. Siku ya kumi sukari yake ilipanda ikagoma kushuka. Siku ya kumi na moja Lugano alimdunga sindano ya kwanza baada ya miaka kumi na sita.

Mfuko wa mizunguko saba ulipimwa, haukuwa na kirusi. Tusekile alipewa. Walinzi wale wachache walimshika wiki nne na siku kadhaa, kisha sukari yake nayo ikaanza kupanda. Ile dawa ya jokofuni ikagawanywa kwa watu wawili, kwa vipimo ambavyo Subilaga alivirudia kila asubuhi akiwa wima. Mtoto alizaliwa mapema kwa upasuaji, wa kike, mzito kuliko siku zake, mapafu yakihitaji msaada wa mashine kwa siku sita. Siku ya saba alilia mwenyewe, kwa hasira, wodi nzima ikasikia. Mgao mwingine ulifika siku hiyohiyo mchana, umechelewa, lakini ulifika.

Mizunguko mitano iliyobaki ingemfikisha Tusekile hadi siku zake? Hakuna aliyejua. Na moyo ungeivumilia? Hilo nalo hakuna aliyejua, na Subilaga alikuwa amegundua kwamba mtu anaweza kuamka na swali kama hilo, akaswaki nalo, akaenda nalo kazini.

Ambwene alikuja kituoni juma lililofuata kuchukua chupa yake. Alikuwa amekonda. Hakukaa upande wa Lugano kama siku nyingine. Aliingia ofisini kwa Subilaga, akafunga mlango, akatoa mfukoni utepe mrefu wa karatasi uliokunjwa.

"Kazi yangu ni kusoma kumbukumbu za mashine," alisema. "Droni ikianguka, naisoma mpaka nijue ilianguka kwa nini. Nilimwomba Lugano anipe ya siku ile. Usimgombeze."

Subilaga aliufungua utepe juu ya meza.

"Kumi na moja. Nimetafuta thelathini, sijaziona. Pameandikwa sekunde kumi na moja, halafu sawa, halafu kitufe."

"Ndiyo."

"Ungeniamsha."

Mvua ilikuwa imekatika tangu alfajiri, na ukimya wa nje ulikuwa mkubwa kuliko walivyozoea. Subilaga alianza kusema habari za Kyela, za msururu ule na sura yake, za mtu aliyekufa akiwa na msururu uleule. Yote yalikuwa kweli. Akayaacha katikati.

"Sikukuamsha kwa sababu nilijua ungesema hapana."

Ambwene alitikisa kichwa polepole, kama fundi aliyeona mahali waya ulipokatikia.

"Basi ulishaniuliza, Daktari. Na mimi nilishajibu."

Kisha Ambwene akasogeza macho kwenye meza, ambako fomu ya taarifa ya Mbeya ilikuwa wazi, wiki ya saba sasa, imejazwa yote isipokuwa mstari mmoja. *Sababu ya kuzima bila ridhaa.* Subilaga alikuwa ameshaandika hapo "moyo ulianza kushindwa" kwa penseli, akafuta, akaandika tena. Karatasi ilikuwa imechakaa mahali hapo.

"Sijakuja kukushtaki," Ambwene alisema. "Nimemshika yule mtoto jana. Nimemshika nikiwa hai, hilo silisahau. Lakini kuna watu mia nne wenye kifuko begani. Wakisoma hapo kwamba moyo ulishindwa, watalala usingizi wakidhani wataulizwa."

"Nikiandika ukweli wataninyang'anya kishikwambi, Ambwene. Na leseni. Nani atawaangalia?"

"Sijui."

Alisema hivyo bila ukali, na kweli hakujua. Alichukua chupa yake mezani, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Alisimama akingoja, si kwa kumshurutisha. Alingoja tu, kama mtu aliyeamua kwamba safari hii atakuwa macho.

Subilaga alivuta kiti. Akaketi. Alichukua kalamu ya wino, akaandika kwamba mgonjwa alikuwa amelala, angeweza kuamshwa, alishatoa jibu lake, na daktari hakulikubali.

Aligeuza karatasi upande wa Ambwene ili aisome kabla hajatia sahihi.